Namba Niliyouongezea Ulimwengu

Ulimwengu unapanuka. Hilo nililikuta kazini, sikulianzisha. Tena unapanuka kwa kasi inayozidi kukua, na katika ghorofa yetu ya tatu hakuna anayejua kwa nini. Wanaojifanya wanajua wapo, na wa kwanza wao ni shemeji yangu.

Mimi ni karani wa idara ya fizikia. Nachapa barua, natunza funguo za akiba, na nawawekea karatasi kwenye mashine ya kunakili watu wanaoweza kupima umbali wa nyota lakini hawajui trei inafunguliwa upande gani. Pia napeleka fomu kwa Profesa azisaini. Profesa ndiye huyo shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Mbele za watu namwita Profesa. Tukiwa wawili namwita Shemeji, naye hapendi, ndiyo maana naendelea.

Siku ya harusi yangu, miaka kumi na tisa iliyopita, alisimama kutoa nasaha kwa niaba ya ukoo. Tulitegemea dakika tano, akachukua arobaini. Bwana harusi alitajwa mara moja, bibi harusi hakutajwa kabisa, na muda uliobaki ulikuwa wake: mimi ndiye niliyemsomesha huyu, mimi nilipokuwa ng'ambo, mimi nikawaambia maprofesa wenzangu. Mdogo wangu alikuwa ameketi nyuma yangu na kadi ya mwaliko mkononi. Kila neno "mimi" lilipotoka alichora kijistari nyuma ya kadi. Aliponionyesha ile kadi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na wageni wakasema maskini bibi harusi, analilia kwao. Kadi ninayo hadi leo.

Sasa nieleze kidogo kazi ya wakubwa hawa, kwa jinsi nilivyoielewa baada ya miaka kumi na miwili ya kuchapa maneno yao. Wana vitabu viwili. Kimoja ni cha vitu vikubwa: mvutano, sayari, nyota, na namna kila kitu kinavyovuta kingine. Cha pili ni cha vitu vidogo mno, chembe ambazo zinaweza kuwa hapa na kule kwa wakati mmoja na wala hazioni haya. Kila kitabu kiko sahihi kwake. Ukivifungua pamoja kwenye meza moja, vinagombana na hesabu zinatoa majibu ya kiwendawazimu. Kuvipatanisha ndiyo kazi inayoitwa mvutano wa kwanta, na Shemeji alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na moja, mshahara ukiingia kila mwezi na suluhu haijaonekana.

Halafu kuna huo msukumo unaoharakisha kupanuka kwa ulimwengu. Tabia yake inaelezwa na namba moja. Ikiwa moja kamili, msukumo haubadiliki, ni uleule tangu enzi, na vitabu vya zamani viko salama. Ikizidi moja, msukumo unakua, na iko siku utachana kila kitu, kuanzia makundi ya nyota hadi droo zangu. Wenyewe huiwekea alama ya kutoa mbele yake. Hiyo nimewaachia wao.

Aliyekuwa anaipima namba hiyo ni mwanafunzi wa udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano, tuliyemwita Kimya. Alikuwa haongei. Ungemsalimia asubuhi, jibu ungelipata jioni. Kwa miaka sita alikuwa amekusanya mwanga wa nyota zilizolipuka, moja moja, kama mtu anayechambua mchele, ili ajue ziko mbali kiasi gani na zinakimbia vipi. Msimamizi wake alistaafu mwaka jana, na Shemeji akamrithi binti wa watu kama mtu anavyorithi kabati bovu. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi wa sita mwaka huu. Shahada isipopita kabla ya hapo, angetoka na mkoba wake na madaftari yake, basi. Nyumbani kwao mama yake alikwishatangaza kwamba mwanawe ni daktari, na kila wiki jirani mmoja alikuwa anampigia Kimya simu kumweleza habari za magoti yake.

Siku moja, mapema mwaka huu, Kimya alisimama mlangoni kwangu.

"Mama, naomba namba."

"Ya nani? Unataka kumpigia nani, mwanangu?"

"Yoyote. Uitunge wewe."

Nikamkalisha anieleze, na hiyo ndiyo siku aliyoongea maneno mengi kuliko zote. Alisema mtu anayejua jibu analolitaka atasafisha vipimo vyake mpaka vimpe jibu hilo, na ataapa kwamba hakuvigusa. Kwa hiyo kikundi chao kina desturi. Kabla ya kuanza hesabu, mtu wa nje anatunga namba ya siri, kompyuta inaijumlisha ndani ya vipimo, na wote wanafanya kazi juu ya uongo huo wakijua ni uongo, ila hawajui ni wa kiasi gani. Namba inafungiwa kwenye bahasha. Kazi ikikamilika na hakuna cha kubadilisha tena, bahasha inafunguliwa mbele ya watu, namba inatolewa, na kinachobaki ndicho ulimwengu ulivyo. Kinachobaki kikiwa kibaya, unakimeza hivyo hivyo.

Niliipenda desturi hiyo. Nilifikiri ingefaa hata kwenye vikao vya familia.

"Iwe kati ya moja na hamsini," alisema. "Itakuwa sehemu za elfu moja. Na uandike mstari mmoja kueleza umeipataje, isije ikaonekana kuna mtu amekunong'oneza."

Akatoka nje. Nikaandika kwenye kompyuta, nikaandika kwenye karatasi pamoja na ule mstari, nikafunga, nikapiga mihuri minne. Sikufikiri sana. Ipo namba inayoishi kichwani mwangu miaka yote hii.

Desturi hiyo ilihitaji fomu ya utaratibu, na fomu ilihitaji saini ya Profesa. Niliipeleka katikati ya ombi la sabuni za chooni na barua ya fundi wa lifti. Alizisaini zote tatu huku akiongea na simu. Shemeji hasomi anachosaini. Mwaka juzi, kwa kumjaribu tu, nilijaza fomu ya likizo ya uzazi kwa jina lake mwenyewe, siku tisini, nikamwekea. Alisaini na kuniuliza kama kuna nyingine. Na kwenye mikutano ya akina Kimya ya kila Alhamisi hakuwahi kutia mguu. Wapimaji aliwaita wahesabu taa. Alisema yeye anafikiri, wao wanahesabu, na anayefikiri hana haja ya kwenda kuangalia.

Kimya alikuwa na mazoea yake. Kilichothibitika alikiandika ubaoni kwa kalamu nyeusi. Ambacho bado si kweli alikiandika kwa nyekundu.

Miezi mitatu kabla ya siku ya bahasha, saa ya chakula cha mchana, Shemeji alinijia akitaka nimfungulie chumba cha Kimya, eti anatafuta kiti chake cha ofisini chenye magurudumu, kilichopotea. Nikafungua. Kiti hakikuwepo. Kilichokuwepo ni ubao, na katikati ya ubao namba moja kubwa nyekundu, imezungushiwa duara: moja nukta sifuri tatu sita. Shemeji aliitazama kwa muda mrefu. Kisha, mtu mzima na mvi zake, akatoa kalamu mfukoni, akanipa mgongo na kuandika kwenye kiganja kama mtoto wa shule anayeibia mtihani. Nilijua anafanya jambo la aibu. Sikujua ni lipi. Nilifunga mlango nikarudi kwenye barua zangu.

Baada ya wiki mbili ghorofa nzima ilitetemeka. Profesa amepata! Vitabu viwili vimepatana! Jibu, alisema, lilimjia bafuni, povu likiwa machoni. Nafasi na wakati vimeundwa kwa punje ndogo zisizopimika, punje hizo zinazaana, na kuzaana huko ndiko kunakousukuma ulimwengu kila siku zaidi ya jana. Nadharia yake ilikuwa na matundu matatu ambamo ungeweza kuingiza namba yoyote ikatokea upande wa pili imechana nywele. Niliichapa mwenyewe, kurasa arobaini na nne, na kwenye ukurasa wa mwisho nadharia ilitabiri kwamba namba ya msukumo itakuwa moja nukta sifuri tatu sita. Nikaichapa na hiyo, jamani, bila kushtuka. Nilikuwa naangalia pambizo.

Akaitangaza kila mahali, ila namba yenyewe aliificha kwanza. Magazeti yakaja. Wakubwa wa chuo, waliokuwa hawajui hata ofisi yake iko wapi, wakamvika vilemba vya ukoka, na ikasemwa waziwazi kwamba akithibitika atakuwa mkurugenzi wa taasisi nzima. Yeye akapanga kila kitu kiwe siku moja: bahasha ya Kimya, mtihani wa Kimya na sherehe yake. Alikuwa amesikia neno bahasha akaridhika nalo. Alidhani ndani yake kuna jibu, kama kwenye mashindano ya urembo, na kwamba mtu atalisoma jina la mshindi naye asimame.

Jumapili kabla ya siku hiyo alikuja kula nyumbani kwetu. Mume wangu alimpisha kile kiti kizuri, kama kawaida. Shemeji alisukuma sahani pembeni, akatandaza hotuba yake mezani na kuanza kutusomea. Alipofika kwenye namba, akaitaja tarakimu moja moja, taratibu, kidole kikiwa juu: moja, nukta, sifuri, tatu, sita.

Ndipo nilipoona upya ule ubao. Nikaona duara, rangi nyekundu, na kalamu kwenye kiganja. Kijiko kilinitoka mkononi. Namba hiyo haikuwa ya ulimwengu. Ilikuwa ulimwengu pamoja na namba yangu.

"Vipi, shemeji?" aliniuliza. "Fizikia imekulemea?"

"Kidogo. Na yule binti, atapata shahada yake?"

"Akinithibitisha, anayo. Akinipinga, basi amekosea vipimo, na mtu aliyekosea vipimo miaka sita siwezi kumpa shahada. Ni sayansi, shemeji, haina huruma. Kwenye makala kuu jina lake halitakuwemo, lakini nitampa barua ya shukrani. Utaichapa wewe."

Mume wangu alikuwa anamtazama kaka yake kwa fahari kabisa, na hapo nilisikia uchungu. Neno moja langu lingetosha kumwokoa Shemeji. Angeahirisha sherehe, angechezea matundu yake matatu, na nadharia ingetoka na namba nyingine. Lakini angeahirisha na mtihani, mwezi ungekwisha, na Kimya angerudi kwa mama yake kusikiliza habari za magoti. Nilimwonea Shemeji huruma kwa muda wa kutosha kuokota kijiko. Kisha nikamwongezea chakula.

"Na hiyo bahasha unaitunza vizuri?" aliuliza akiondoka.

"Iko mahali salama."

"Imeandikwa vizuri? Maandishi makubwa? Kutakuwa na kamera."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Shemeji alivaa suti mpya ambayo lebo ya mkononi ilikuwa haijakatwa. Mume wangu alikaa safu ya mbele. Mtahini wa nje, mama mmoja mnene kutoka chuo kingine, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikaa mezani na fomu ya shahada ya Kimya mbele yake. Fomu ilikuwa na nafasi mbili za saini, yake na ya Profesa. Kimya alisimama karibu na ubao, mikono nyuma.

Shemeji alifungua kwa hotuba. Ikafuata zamu ya Kimya. Aliandika ubaoni kwa nyekundu: 1.036. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, maana kila mtu alikuwa na kijitabu cha Shemeji, kilichogawiwa mlangoni, chenye namba hiyohiyo. Shemeji akainuka, akainama kushoto, akainama kulia, akamkumbatia mume wangu. Kimya peke yake ndiye aliyebaki ameduwaa. Aliangalia kijitabu, akaangalia ubao, akaniangalia mimi.

"Bado," alisema Mtahini. "Bahasha."

Niliipeleka. Mtahini alikagua mihuri minne, akaikata kwa rula na kuchungulia ndani bila kutoa karatasi yote. "Sehemu thelathini na saba za elfu," alisoma. "Binti, zitoe."

"Zitoe wapi?" alisema Shemeji.

Kimya alichukua kalamu nyeusi. Hesabu aliipanga vizuri, namba chini ya namba. 1.036 ukitoa 0.037 inabaki 0.999. Pembeni akaandika kosa linaloruhusiwa, sehemu kumi za elfu huku na huku. Maana yake ni moja. Ile moja ya zamani, ambayo haijamfanya mtu yeyote kuwa mkurugenzi.

Shemeji akaunyooshea ubao kidole.

"Huyu amekosea! Namba ilikuwa sahihi, mmeiona wenyewe, amekuja kuiharibu mbele yenu! Ni hujuma! Shahada hii siisaini. Arudie kazi yote upya."

Kimya alifumba macho. Najua alikuwa anahesabu siku zilizobaki katika mwezi, na zilikuwa mbili.

Nikasimama. Nikaweka mezani fomu ya utaratibu. "Profesa, hii ni saini yako? Imeeleza kila kitu. Vipimo vyote vilikuwa na namba ya uongo ndani yake hadi leo. Uliikubali mwenyewe mwezi wa pili."

Alitazama saini. Aliitazama kama anavyotazama mtu picha yake aliyopigwa amelala.

Mtahini alivua miwani. "Nina swali moja dogo. Nadharia yako, Profesa, imetabiri moja nukta sifuri tatu sita. Haikupungua hata punje, haikuzidi. Namba hiyo haipo angani. Ni kipimo cha binti huyu pamoja na namba aliyoitunga karani. Duniani kote ilikuwepo mahali pamoja tu, kwenye chumba cha kazi cha binti huyu, kinachofungwa kwa ufunguo. Umewezaje kuifikiria?"

"Nilikuwa bafuni," alisema Shemeji.

Mtu mmoja nyuma alikohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko, na akashindwa. Nikasema ninachokijua, kwa sababu nilikuwa nimefungua mlango ule kwa mkono wangu: kiti, ubao, kiganja. Sikumwangalia mume wangu wakati nasema.

"Basi tumalize kwa utaratibu," alisema Mtahini. Sasa aliitoa karatasi yote, akasogeza miwani. "Kanuni inataka mstari wa mwisho usomwe kwa sauti, tuhakikishe namba haikutungwa kwa kumpendelea mtu. Karani, soma mwenyewe."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Naapa. Mapema mwaka, peke yangu na mihuri yangu, niliandika ule mstari kama mtu anavyochora pembeni ya daftari, na haikunipitia kichwani kwamba utasomwa kwenye maikrofoni mbele ya kamera tatu na mume wangu. Nikaishika karatasi. Nikasoma:

"Thelathini na saba ni idadi ya mara ambazo shemeji yangu alisema 'mimi' katika nasaha za harusi yangu. Ushahidi upo, nyuma ya kadi."

Ukumbi ulikaa kidogo, ukijumlisha. Niliona namna wanavyofika mmoja mmoja. Miaka kumi na moja ya kutafuta kinachousukuma ulimwengu, na kilichozidi kwenye jibu lake kilikuwa yeye mwenyewe, thelathini na saba, kamili. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso nikaona sivyo, ingawa machozi yalikuwepo.

Shemeji akasimama. Uso umemjaa damu, lebo ya suti inaning'inia. Akanyoosha kidole juu, kilekile cha Jumapili, akavuta pumzi.

"Mimi..."

"Thelathini na nane," alisema Kimya.

Alilisema taratibu, bila kugeuka kutoka ubaoni, na lilisikika hadi kwenye ngazi. Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka wakashikana, wapiga picha wakaweka kamera chini. Shemeji alibaki na kidole chake hewani, hana la kufanya nacho, hadi kikashuka chenyewe.

Mtahini hakucheka. Alisaini nafasi yake, akageuza fomu, akaisukuma na kalamu juu yake hadi mbele ya Profesa, akangoja. Shemeji aliketi. Alitoa miwani mfukoni, akaisafisha kwa tai, akaanza kuisoma fomu ile kuanzia mstari wa kwanza, kidole chini ya maneno, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, hadi jina la kiwanda cha uchapaji kule chini. Tulimngoja. Kisha akasaini.